"Mume wangu anausikia mluzi, mimi siusikii": jibu kwa anayejifunza kuimba harmoniki

Swali: "Mwalimu, tangu mwaka jana najifunza peke yangu kuimba harmoniki, ule uimbaji ambao mtu mmoja hutoa mvumo chini na mluzi juu kwa wakati mmoja. Nafuata video. Linalonishangaza ni kwamba mume wangu akiwa chumba cha pili huniambia, 'Hapo umeupata,' nami sisikii kitu ila sauti yangu ikigeuka kutoka u kwenda i. Hata rekodi za waimbaji wa Tuva, kule Siberia, hunichanganya: mara nausikia mluzi waziwazi, mara unapotea na kubaki mkwaruzo mmoja tu. Je, sikio langu lina kasoro? Tena koo huniuma kila ninapojaribu ule mtindo wa kukaza. Na nimeambiwa sauti ya mwanamke haifai kwa uimbaji huu. Niendelee au niache?"

Jibu: Dada, nianze na koo kwa sababu hilo halingoji. Mtindo wa kukaza uache leo. Waimbaji wa Tuva wanaoimba sygyt, ule mluzi mkali unaopenya, hubana koo kwa namna waliyoipata polepole, mbele ya watu wanaowasikia na kuwasahihisha. Mtu anayeiga video hajui ni wapi pa kubana, kwa hiyo hubana kote: shingo, taya, mzizi wa ulimi, na nyuzi za sauti zenyewe zikasuguana. Maumivu unayoyapata yanatoka huko. Na habari njema ni kwamba mluzi hautengenezwi kooni. Unatengenezwa kinywani. Kubana huupa mluzi nguvu na ukali, lakini mluzi safi kabisa unaweza kuupata kwa sauti laini ileile unayozungumzia. Pumzika mpaka koo litulie. Sauti ikibaki imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo kabla ya kuimba chochote.

Sasa sikio. Lako ni zima, na linalokupata huwapata wengi. Nitakaa hapa kwa kirefu kwa sababu mafunzo mengi ya uimbaji huu huanza na ulimi, na sikio huachwa lijitafutie lenyewe. Kwa maoni yangu huko ni kuanza mwisho. Ushahidi ni wewe mwenyewe: ulimi wako tayari unafanya kazi, mume wako ameshuhudia, lakini huwezi kuiboresha kazi hiyo kwa kuwa huisikii. Mtu hawezi kuurekebisha mlio asiousikia. Kwa hiyo ushauri wangu wote ni mmoja: kwa muda wa majuma kadhaa yajayo, fanya mazoezi ya kusikiliza zaidi kuliko ya kuimba.

Ili mazoezi yenyewe yaeleweke, tazama kwanza kinachotokea. Tuseme umeshika noti ambayo nyuzi zako za sauti zinafunga na kufunguka mara 200 kwa sekunde. Hewa inayotoka haina mtetemo wa 200 peke yake. Inabeba pia 400, 600, 800, 1000, na kuendelea juu hivyo hivyo, kila mmoja ukiwa ni 200 ikizidishwa kwa namba kamili. Hizo ndizo harmoniki: ya kwanza ni noti yenyewe, ya pili iko oktava moja juu yake, ya tatu iko oktava na so, ya nne oktava mbili, ya tano oktava mbili na mi. Zimo katika kila irabu uliyowahi kuitamka tangu ulipoanza kusema. Hakuna kinachoongezwa mtu anapoimba sauti mbili. Kinachofanyika ni kuikuza moja kati ya zilizokuwapo mpaka ijitenge na nyingine.

Kinywa ndicho kinachochagua. Nafasi iliyo kati ya nyuzi za sauti na midomo ina mwangwi wake, tena zaidi ya mmoja, na mwangwi huo hubadilika kila ulimi na midomo inaposogea. Wataalamu wa sauti huiita miangwi hiyo fomanti. Fomanti mbili za kwanza ndizo hasa zinazotufanya tutofautishe irabu moja na nyingine, na ile ya pili ndiyo inayotuhusu: ukitamka u iko karibu na mitetemo 800 kwa sekunde au chini kidogo, ukitamka i inapanda hadi kupita 2000. Basi ukishika noti ya 200 na kuteleza polepole kutoka u hadi i, mwangwi huo unapita juu ya 800, kisha 1000, kisha 1200, 1400, 1600, na kila unapokutana na harmoniki mojawapo unaikuza. Mume wako anasikia noti hizo zikipanda moja baada ya nyingine. Wewe unasikia irabu ikibadilika. Nyote wawili mnasikia jambo lilelile.

Kwa nini basi ubongo wako unakuficha? Kwa sababu ndiyo kazi yake. Harmoniki zote zikianza pamoja, zikatoka mahali pamoja na kupangika kwa namba kamili, ubongo huamua kuwa chanzo ni kimoja, na kukuletea noti moja yenye rangi fulani. Rangi hiyo ndiyo irabu. Bila uunganishaji huo usingeweza kufuata mazungumzo hata ya dakika moja. Umefanya zoezi la kuziunganisha harmoniki tangu utoto, na leo unautaka ubongo uleule uzitenganishe. Haishangazi ukikataa mwanzoni.

Tena watu hatufanani katika hili. Mwaka 2005 watafiti wa Heidelberg nchini Ujerumani walichapisha uchunguzi uliohusisha wanamuziki wengi, wakionyesha kwamba wasikilizaji wakipigiwa sauti mbili zilezile zilizotengenezwa kwa ujanja, wengine hufuata noti ya msingi na wengine hufuata harmoniki, hata mmoja akaapa kuwa sauti imepanda na mwenziwe akasema imeshuka. Tofauti hiyo iliendana na umbo la sehemu ya ubongo inayopokea sauti. Kwa hiyo huenda mume wako ni wa upande mmoja na wewe wa upande wa pili. Hilo ni elekeo tu la mahali mtu anapoanzia. Nimewafundisha watu wa pande zote mbili, na wa upande wako hufika. Wanahitaji tu kuonyeshwa mahali pa kusikiliza.

Kuna sababu nyingine, rahisi zaidi. Sauti yako mwenyewe unaipata kwa njia mbili: kupitia hewa na kupitia mifupa ya kichwa. Mifupa hupitisha vizuri zaidi mitetemo ya chini, ndiyo maana watu hushangaa wakijisikia kwenye rekodi, wakadhani sauti imekuwa nyembamba. Mitetemo ya juu nayo huelekea mbele inapotoka mdomoni, na masikio yako yako nyuma ya mdomo. Mvumo unakujaa kichwani huku mluzi ukienda kwa mume wako.

Hili limejulikana muda mrefu. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani aliyeandika kwa undani juu ya sauti mwaka 1863, alikiri kwamba harmoniki za sauti ya binadamu ni ngumu kuzisikia kuliko za nyuzi za ala. Anamtaja bwana mmoja wa Leipzig, Seiler, ambaye usiku aliokosa usingizi alimsikiliza mlinzi wa mji akiimba zamu yake. Mlinzi alipokuwa mbali, Seiler aliisikia kwanza harmoniki ya tatu, na noti ya msingi ilikuja baadaye. Chumba cha pili cha mume wako ni sawa na umbali huo.

Helmholtz alitoa pia dawa, na mpaka leo sijaona iliyo bora: kabla ya kupiga sauti nzito unayotaka kuichungua, piga kwanza kwa upole ile noti unayoitafuta ndani yake, sikio liikamate, halafu upige ile nzito bila kuiachia ile ya kwanza akilini. Sikio likishajua linatafuta nini, hulipata.

Kama una gitaa, anza nalo. Chukua uzi mnene. Uguse kwa wepesi sana, bila kuubana, kwenye theluthi ya urefu wake, uupige, kisha uondoe kidole. Utasikia mlio mwembamba, safi: hiyo ni harmoniki ya tatu peke yake. Mlio huo ukingali masikioni, upige uzi uleule ukiwa wazi. Utasikia sauti nene ya kawaida, lakini ukitulia utaukuta ule mwembamba umo ndani, dhaifu, ukielea juu. Fanya hivyo tena kwa robo ya uzi, kisha kwa sehemu ya tano. Usiharakishe kwenda kwenye ya tano. Ya tatu ndiyo rahisi na ndiyo inayolifungua sikio. Mwenye piano isiyo ya umeme ana njia nzuri pia: bonyeza so ya juu polepole mpaka chini bila kuitoa sauti, uishikilie hapo, halafu gonga kwa nguvu ile do ambayo so hiyo iko oktava na so juu yake, na kuiachia. Uzi wa so utakuwa unaimba wenyewe, umeamshwa na harmoniki ya do.

Baada ya ala, njoo kwenye kinywa, lakini usiimbe bado. Nong'ona. Hili ndilo zoezi ninalolithamini kuliko yote, na sijui kwa nini halipewi nafasi. Mtu anaponong'ona, nyuzi za sauti hazitetemi, kwa hiyo noti ya msingi haipo kabisa. Kinachobaki ni pumzi ikipita kinywani na mwangwi wa kinywa chenyewe. Nong'ona u ndefu, halafu peleka polepole kwenye i, midomo ikiwa midogo muda wote. Utasikia pumzi ikipanda kama upepo unaopuliza kwenye mwanya wa dirisha. Rudi kutoka i hadi u, itashuka. Kupanda na kushuka huko ndiko uliko mluzi wako. Hapo ndipo mahali pa kusikiliza nilipokuwa nikipataja. Jaribu hata kuunong'ona wimbo mfupi unaoujua kwa kubadilisha irabu tu, utashangaa unavyotambulika.

Sasa unganisha. Nong'ona u hadi i, pumua, kisha imba u hadi i kwa noti moja ya chini iliyo rahisi, ukilitafuta lile pando la pumzi ndani ya sauti. Nong'ona tena, imba tena. Usimsikilize mwimbaji, msikilize mnong'onaji aliye ndani yake. Mwanzoni utapata kipande kidogo tu, pengine katikati ya safari ambapo sauti inakuwa kama inang'aa ghafla. Simama hapo. Usiende mbele. Sogeza ulimi kidogo sana mbele na nyuma kuzunguka mahali hapo, ili mluzi uruke kati ya harmoniki mbili jirani, huku na huku, huku na huku. Ubongo hutenganisha kwa urahisi zaidi kitu kinachotembea na kilichotulia, kwa hiyo mluzi ukitembea na mvumo ukabaki mahali pake, siku moja utakutokea tu. Na ukishatokea mara moja, kuupata tena si kazi kubwa.

Sharti la zoezi hilo ni mvumo usiotikisika. Watu wengi wakienda kwenye i hupandisha noti yenyewe bila kujua, halafu hudhani wamepata mluzi. Weka ala au programu ya simu ipige noti moja mfululizo, nawe uifuate. Ukisikia mawimbi ya kugongana kati ya sauti yako na ile ya ala, umeteleza.

Mahali pa kufanyia pana maana. Tafuta chumba chenye kuta ngumu, hasa bafu la vigae, usimame ukielekea kona, karibu kiasi cha hatua moja. Ukuta utaurudisha mluzi kwenye masikio yako. Njia nyingine ni kukunja kiganja nyuma ya sikio na kingine kukielekeza kutoka mdomoni hadi kwenye sikio hilo. Na jirekodi. Halafu usisikilize rekodi hapohapo. Iweke chumba kimoja, wewe kaa kingine. Uwe mume wako.

Kuna programu za simu zinazochora sauti kwenye kioo, harmoniki zikiwa mistari ya mlalo moja juu ya nyingine. Ukiimba utaona mstari mmoja unang'aa kuliko jirani zake na mng'ao huo unapanda ngazi kadiri ulimi unavyosogea. Itumie kuthibitisha, hasa siku za kwanza unapojiuliza kama unajidanganya. Lakini funga macho mara nyingi zaidi kuliko unavyoyafungua, maana jicho ni jepesi na litalinyang'anya sikio kazi.

Kuhusu rekodi zinazokuchanganya, nadhani umeanza na zilizo ngumu. Waimbaji wa Tuva, jamhuri iliyo kusini mwa Siberia nchini Urusi kwenye mpaka wa Mongolia, wana mitindo kadhaa. Sygyt ni mluzi wa juu ulio wazi. Khöömei, jina ambalo pia hutumika kwa uimbaji wote, huwa laini zaidi na mluzi wake umezama. Kargyraa ni ule wa kunguruma, ambapo mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti hutetemeka pamoja nazo, mara moja kwa kila mitetemo miwili ya nyuzi, na mvumo ukashuka oktava nzima. Ninaposikia habari ya "mkwaruzo mmoja tu" nadhani ulikuwa unasikiliza kargyraa. Harmoniki zimo, tena nyingi, lakini zimesongamana kwa sababu noti ya msingi iko chini sana, na sikio changa haliwezi kuzichambua. Ziache kwa sasa.

Anza na mwimbaji Anna-Maria Hefele wa Ujerumani. Sauti yake ni laini, haikwaruzi, na mara nyingi hushika mluzi mahali pamoja huku akiisogeza noti ya chini, au huzipeleka pande tofauti, moja ikipanda na nyingine ikishuka. Hapo hata sikio lililozoea kuunganisha hukubali kuwa kuna mambo mawili. Kisha nenda kwenye sygyt ya Kongar-ool Ondar, aliyefariki mwaka 2013, na ya waimbaji wa kundi la Tuva liitwalo Huun-Huur-Tu, hasa Kaigal-ool Khovalyg. Msikilize mwanzo wa kila pumzi: mara nyingi mwimbaji huanza na mvumo mtupu, au hata maneno, halafu mluzi hufunguka. Dakika hiyo ya kufunguka irudie mara nyingi. Na usidharau kipaza sauti kidogo cha simu. Hakiwezi kutoa mitetemo ya chini, kwa hiyo kinaupunguza mvumo na kuuacha mluzi juu. Sikiliza kwanza humo, kwa sauti ndogo, halafu rekodi ileile kwa vifaa vizuri ukijaribu kuushikilia mluzi usikuponyoke.

Mwaka 2020 watafiti wa Canada na Marekani walichapisha uchunguzi wa waimbaji wa Huun-Huur-Tu, mmoja wao akiwa amepigwa picha za MRI, zinazoonyesha ndani ya mwili, akiimba. Waligundua kwamba mwimbaji hukutanisha fomanti mbili, ya pili na ya tatu, mahali pamoja, kati ya mitetemo 1000 na 2000 kwa sekunde, na nguvu zote zikajikusanya kwenye ukanda mwembamba sana. Ndiyo sababu mluzi wao unakata. Nalitaja hili kwa sababu linakuambia sikio likishaamka ulimi ufanye nini. Kuteleza kwa u hadi i kunatosha kuzisikia harmoniki, lakini mluzi wa kweli unataka nafasi mbili kinywani, moja mbele ya ulimi na moja nyuma yake.

Inapatikana hivi. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, mahali unapotamkia l, na uiache hapo. Kingo za ulimi zikae kwenye ufizi karibu na magego, uache upenyo mdogo tu wa hewa, upande mmoja ukitaka. Sasa, bila kuiondoa ncha, jaribu kusema u na i nyuma ya l hiyo. Kinachosogea ni mwili wa ulimi peke yake: ukisogea mbele mluzi unapanda, ukirudi nyuma unashuka. Midomo iwe midogo na imetokeza mbele kidogo. Sehemu ya nyuma ya ulimi wengi huisahau kuwa ipo. Tamka ng' na uishike, utahisi inapogusa kaakaa. Hapo ndipo panapotawala nafasi ya nyuma, nawe unatakiwa kupakaribia bila kupagusa. Ukipagusa kabisa, sauti itahamia puani. Walimu hawakubaliani juu ya pua; wapo wanaotaka sauti ipite huko kidogo. Mimi nasema iache nje, kwa sababu njia ya pua inameza sehemu ya nguvu unayoitaka kinywani. Ziba pua kwa vidole katikati ya noti: sauti ikibadilika, kuna inayovuja.

Wanaokuambia sauti ya mwanamke haifai wamekuambia uongo wa zamani. Huko Tuva wanawake walikatazwa kwa hofu kwamba uimbaji huu ungewadhuru uzazi, na bado wapo walioimba. Mwaka 1998 Choduraa Tumat alianzisha Tyva Kyzy, kundi la wanawake watupu, nao wanaimba mitindo yote, pamoja na kargyraa. Na katika Eastern Cape ya Afrika Kusini, kwa Waxhosa, uimbaji huu ni wa wanawake hasa. Unaitwa umngqokolo. Aliyejulikana zaidi ni Nofinishi Dywili wa Ngqoko, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2002, bingwa pia wa upinde wa muziki. Dave Dargie, mtafiti aliyeanza kuurekodi mwaka 1980, alielezwa na Dywili kwamba namna moja ya umngqokolo ilitokana na wavulana waliomchoma mdudu mkubwa kwenye mwiba na kumshika mdomoni akivuma, wakibadilisha umbo la kinywa kuchagua harmoniki. Atakayeelewa mchezo huo ameelewa fizikia yote niliyoieleza hapo juu: mdudu ndiye mvumo, kinywa ndicho kinachochagua. Upinde wa mdomoni unafanya vivyo hivyo, uzi ukiwa mahali pa mdudu. Ukipata rekodi za wanawake wa Ngqoko, zisikilize baada ya sygyt. Mluzi wao umezama zaidi na umefungamana na wimbo wa kundi, kwa hiyo zinadai sikio lililokomaa, lakini binafsi ndizo rekodi ninazorudia mara nyingi kuliko zote.

Tofauti ya kweli kati ya sauti nene na nyembamba ni ya hesabu. Harmoniki zako zinaachana kwa umbali ulio sawa na noti ya msingi. Mwanamume akishika noti ya 110, kati ya mitetemo 660 na 2000 ana harmoniki ya sita mpaka ya kumi na nane, ngazi nyingi zilizo karibu karibu. Mwanamke akishika 220 ana ya tatu mpaka ya tisa tu katika eneo hilohilo. Anayo faida, kwamba harmoniki zake zikiwa mbalimbali ni rahisi kuzitenganisha kwa sikio, na kwako sasa hiyo ni faida kubwa. Hasara ni kwamba noti za kuimbia wimbo ni chache. Kwa hiyo anza na noti karibu na 200, na sikio likizoea shuka taratibu kuelekea 165, kama koo linafika huko bila kusukumwa. Hapo utakuwa na ya nne mpaka ya kumi na mbili.

Ukifika kwenye kuimba wimbo, hesabu hivi kwa do re mi za kwaya: harmoniki ya sita ni so, ya nane ni do, ya tisa ni re, ya kumi ni mi, ya kumi na mbili ni so ya juu. Ya saba iko chini kidogo ya ta unayoijua, na ya kumi na moja iko kati ya fa na fi, haimo kwenye piano. Waimbaji wa Tuva kwa kawaida huziruka zote mbili, na nyimbo zao nyingi hujengwa juu ya sita, nane, tisa, kumi na kumi na mbili. Usizikimbie katika mazoezi, hata hivyo. Ya saba ina ladha yake, na kuitambua inapopita ni dalili nzuri kuliko zote kwamba sasa unasikia harmoniki yenyewe na si kumbukumbu ya noti za piano.

Muda wa kila siku uwe mfupi. Dakika kumi za kunong'ona na kusikiliza, dakika tano za kuimba, maji karibu. Ukihisi kukwaruza, kikohozi au uzito kooni, acha hapohapo na siku hiyo iwe ya rekodi tu. Kargyraa na sygyt ya kukaza usizirudie mpaka upate mtu wa kukusikiliza ana kwa ana. Na mume wako mpe kazi: akae chumba cha pili, agonge ukuta kila anapousikia mluzi ukiruka, nawe ujaribu kumtangulia kwa kuinua kidole kabla hajagonga.